Bibi Hakuhama: Nilivyounganisha Hati za Familia Kando ya Maziwa ya Kirillov

Notari, yaani ofisa wa sheria anayethibitisha hati za mirathi, alizipanga hati zetu juu ya meza, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba haoni ushahidi wa kutosha kuwa zote ni za mwanamke mmoja. Mama mkwe wangu alinyamaza. Mwanamke aliyekuwa akizungumziwa ni mama yake mzazi, aliyemlea katika nyumba ileile tuliyoifuatilia, na ambaye yeye mwenyewe alimzika mwaka 1995. Leo anaambiwa kwamba huenda hati za mama yake ni za watu wawili au watatu.

Suala lenyewe lilikuwa nyumba. Ni nyumba ya magogo, ina jiko kubwa la matofali katikati, iko katika kijiji kidogo karibu na Ferapontovo, wilaya ya Kirillov, kaskazini mwa Urusi. Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, ameishi humo, amelipa kodi zake na amebadilisha paa, lakini kwenye vitabu vya serikali ilikuwa bado ya Bibi, yaani mama yake. Alitaka iandikwe kwa jina lake angali ana nguvu. Katika mirathi ya Urusi lazima hati zishikane kama mnyororo: nyumba ni ya nani, mtu huyo ni yupi, na wewe ni nani kwake. Mwanamke akiolewa mara nyingi hubadilisha jina la ukoo, kwa hiyo cheti cha ndoa ndicho hufunga pete mbili za mnyororo huo. Wetu ulikatikia mahali pa kuzaliwa.

Hati zilikuwa nne. Dondoo la kitabu cha ubatizo la mwaka 1912 lilisema gubernia ya Novgorod, uyezdi wa Kirillov. Cheti cha shule cha mwaka 1924 kilisema gubernia ya Cherepovets. Cheti cha ndoa cha mwaka 1934 kilitolewa oblasti ya Leningrad. Na nakala ya pasipoti yake, iliyotolewa mwaka 1977, ilisema mzaliwa wa oblasti ya Vologda. (Gubernia ni jimbo la enzi za wafalme, na uyezdi ni wilaya yake; ndani ya uyezdi kulikuwa na volosti, mfano wa tarafa. Wasovieti walileta oblasti, yaani mkoa, na rayoni, yaani wilaya.)

Mke wangu alikua akiambiwa kwamba bibi yake aliwahi kuishi Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg. Hadithi hiyo ilitoka kwenye kile cheti cha ndoa. Mama anakumbuka Bibi akikana kabisa, akisema hajawahi kukaa popote ila hapa, na watoto wakadhani uzee umemsahaulisha.

Jioni ile, ndani ya basi la kurudi Vologda, nilikumbuka kwetu. Mimi nilizaliwa Geita, na cheti changu kinasema Mkoa wa Mwanza. Watoto wa kaka yangu waliozaliwa baada ya mwaka 2012 vyeti vyao vinasema Mkoa wa Geita, ingawa tumezaliwa mji mmoja. Hati ya ubatizo ya baba yetu, ya mwaka 1951, inasema Jimbo la Ziwa, Tanganyika. Hakuna katika sisi aliyehama. Nikamwambia mke wangu: tusitafute Bibi alihamia wapi, tutafute mipaka ilihamia wapi.

Nilianza na daftari na ramani. Nilichora safu tatu: mwaka, hati inasema nini, na siku hiyo kijiji kilikuwa chini ya nani. Safu ya tatu ndiyo iliyonilia majira ya baridi karibu yote, na ndiyo iliyonifanya niipende nchi hii ya maziwa kuliko miaka yote niliyoishi hapa.

Kwanza jiografia, kwa sababu bila hiyo historia ya mipaka haieleweki. Barabara ya kutoka Vologda kwenda Kirillov ina urefu wa takriban kilomita 130, na sehemu yake inafuata ufuko wa ziwa Kubenskoye, ziwa refu linalozidi kilomita 50 kutoka ncha hadi ncha. Maji ya Kubenskoye hutoka kwa mto Sukhona, huingia Dvina ya Kaskazini na kuishia Bahari Nyeupe. Kaskazini kabisa mwa wilaya kuna ziwa Vozhe, pana lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 2. Nalo humimina Bahari Nyeupe, kwa njia nyingine, kupitia mto Onega. Magharibi kuna mto Sheksna unaotoka ziwa Beloye kwenda Volga, na Volga inaishia Bahari ya Kaspi. Kwa hiyo mvua inayonyesha wilaya hii moja hugawanyika, nyingine ikaenda kwenye barafu za kaskazini na nyingine kwenye joto la kusini. Katikati ya mgawanyiko huo kuna maziwa madogo mengi. Lile la Siverskoye linagusa kuta za monasteri ya Kirill wa Beloozero, iliyoanzishwa mwaka 1397, na lile la Borodayevskoye liko chini ya kilima cha Ferapontovo, ambako mwaka 1502 mchoraji Dionisius na wanawe walipamba kanisa kwa michoro ya ukutani ambayo bado ipo. Bibi alibatizwa kilomita chache kutoka hapo.

Watu wa hapa waliuunganisha mgawanyiko huo kwa mikono. Kati ya mwaka 1825 na 1828 ulichimbwa mfereji wenye malango ya maji, ukitoka Sheksna, ukapita maziwa madogo pamoja na Siverskoye, ukashuka hadi Kubenskoye. Ukisimama Kirillov uko mahali ambapo jahazi lingeweza kuchagua kwenda Volga na Saint Petersburg upande mmoja, au Vologda na Arkhangelsk upande mwingine. Mimi naona mipaka ya utawala imefuata mvutano huohuo. Watawala waliotazama Sheksna waliivuta wilaya magharibi. Waliotazama Kubenskoye waliivuta mashariki.

Nikajaza safu yangu. Kwa karne nyingi bwana wa sehemu hizi alikuwa monasteri yenyewe, hadi mwaka 1764 malkia wa Urusi, Catherine wa Pili, alipozinyang'anya monasteri ardhi na wakulima wake. Mwaka 1776 makazi yaliyokuwa nje ya kuta yakapewa hadhi ya mji, Kirillov, nao ukawa makao ya uyezdi chini ya Novgorod. Tazama ramani uone ajabu yake: Novgorod iko zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na Vologda iko mlangoni. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa Bibi alipozaliwa mwaka 1912, na dondoo la ubatizo lilikuwa sahihi.

Baada ya mapinduzi, mwaka 1918, uyezdi za mashariki mwa Novgorod zilikatwa zikawa gubernia mpya ya Cherepovets. Iliishi miaka tisa tu. Raia wengi wa leo hawajui kwamba iliwahi kuwapo, na nadhani hata yule notari ilimshangaza. Lakini miaka hiyo tisa ndiyo Bibi alipoingia shule.

Tarehe 1 Agosti 1927 gubernia zikafutwa, ikaundwa oblasti ya Leningrad, kubwa mno, iliyofika hadi huku kwenye maziwa. Uyezdi wa Kirillov ukafa, ikazaliwa rayoni ya Kirillov. Hapo ndipo ilipotoka Leningrad ya Bibi! Aliolewa mwaka 1934 katika kijiji kilekile, na karani akaandika mkoa uliokuwapo. Kisha tarehe 23 Septemba 1937 ikaundwa oblasti ya Vologda, na Kirillov ikaingizwa humo hadi leo.

Nilipomaliza safu hiyo nilimpigia Mama simu usiku. Nilimsomea mwaka kwa mwaka. Aliniuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, alikuwa akisema kweli?" Nikamwambia ndiyo, kila neno. Alilia, na mimi nikakaa naye kwenye simu mpaka aliponyamaza.

Lakini daftari langu halikuwa ushahidi, na kulikuwa na kasoro nyingine mbili. Ya kwanza ni tarehe. Dondoo la ubatizo lilisema 8 Oktoba, pasipoti ikasema 21 Oktoba. Urusi ilitumia kalenda ya zamani hadi mwaka 1918, iliporuka kutoka 31 Januari hadi 14 Februari, na tofauti ya kalenda hizo katika karne ya 20 ni siku 13. Hesabu: 8 na 13 ni 21. Siku moja, kalenda mbili.

Ya pili ni pasipoti yenyewe. Inawezekanaje mtu azaliwe mwaka 1912 katika oblasti iliyoundwa mwaka 1937? Jibu liko kwenye maisha ya wakulima wa Kisovieti. Pasipoti za ndani, yaani vitambulisho vya kutumia ndani ya nchi, zilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1932, lakini watu wa mashamba ya pamoja kwa kawaida hawakupewa. Ni kanuni mpya za mwaka 1974 zilizowafungulia wote. Bibi alipata pasipoti yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60, na karani akaandika mahali pa kuzaliwa kwa jina la mkoa wa siku hiyo. Nafikiria mara nyingi juu ya hilo: mwanamke aliyefanya kazi ya shamba maisha yake yote, bila karatasi ya kumruhusu kusafiri kwa uhuru, halafu familia yake inadhani alikuwa mtu wa Leningrad.

Sasa ushahidi. Niligundua kuwa hifadhi za nyaraka za serikali hutoa hati rasmi inayoeleza kijiji fulani kilikuwa chini ya utawala gani, tangu lini hadi lini. Hilo ndilo tulilohitaji, wala hatukulazimika kwenda mahakamani. Barua ya maombi niliiandika mimi, Mama akaitia sahihi, kwa kuwa ndiye mrithi.

Kosa nilifanya katika barua ya kwanza. Niliandika jina la kijiji na neno Kirillov tu. Tukajibiwa kwamba ndani ya uyezdi huo kulikuwa na vijiji zaidi ya kimoja vyenye jina hilo, tutaje volosti au parokia. Ilinibidi nirudi kwenye dondoo la ubatizo, lililoandikwa kwa mkono wa haraka, lenye herufi zilizofutwa na mageuzi ya tahajia ya mwaka 1918. Mimi sikuliweza, Mama hakuliweza. Aliyetusaidia ni jirani yake, mwalimu mstaafu, ambaye kijiji kizima humwita kwa jina lake na la baba yake, kama ilivyo heshima ya huku. Alivaa miwani, akapeleka karatasi dirishani kwenye mwanga wa theluji, akasoma taratibu jina la parokia, la volosti, na la mama wa ubatizo. La mwisho hatukulihitaji kwa notari, ila Mama aliomba alirudie mara mbili.

Jambo jingine nililoongeza, na namshauri yeyote mwenye shida kama hii asilisahau: uliza pia kuhusu baraza la kijiji. Chini ya rayoni kulikuwa na mabaraza ya vijiji, nayo yaliunganishwa na kugawanywa mara nyingi kadiri watu walivyopungua. Hati ya nyumba yetu ilitaja baraza ambalo lilishamezwa na jingine. Na mwaka 2022 wilaya yenyewe iligeuzwa kuwa okrugi ya manispaa, aina nyingine ya eneo la utawala, kwa hiyo hata anwani ya leo haifanani na ile ya miaka ya 1990.

Majibu yalikuja baada ya mwezi hivi. Ukurasa mmoja, muhuri wa bluu, sahihi. Kijiji hiki, volosti hii, uyezdi wa Kirillov, gubernia ya Novgorod hadi mwaka 1918, kisha Cherepovets, kisha Leningrad, kisha Vologda. Ile safu yangu ya tatu, sasa ina muhuri.

Tulirudi kwa notari mwezi Machi, maziwa yakiwa bado yameganda na wavuvi wamekaa juu ya barafu ya Siverskoye kando ya matundu yao. Aliweka ule ukurasa katikati, akazizungusha hati nne pembeni yake, akafuata kwa kalamu mwaka mmoja baada ya mwingine. Kuhusu tarehe aliuliza mara moja tu. Nilipomtajia siku 13 alitikisa kichwa kukubali, akaandika pembeni. Kisha akamgeukia Mama akamtaja Bibi kwa jina lake kamili na la baba yake, akasema, "Mama yako alizaliwa, akasoma, akaolewa na kufia mahali pamoja." Faili likafunguliwa siku hiyohiyo, na kabla ya majira ya joto nyumba ikaandikwa kwa jina la Mama.

Wiki iliyofuata nilimpigia kaka Geita. Nilimwomba aitafute ile hati ya ubatizo ya baba, ya Jimbo la Ziwa, aipige picha pande zote mbili, kisha aende parokiani kuuliza kama kitabu chenyewe bado kipo.