Baada ya Boxer: unapotaka pikipiki kubwa zaidi

Wengi huanza kuuliza "ya cc ngapi?", yaani ujazo wa injini, swali ambalo halikufikishi mbali. Chukua pikipiki tatu anazozitamani mtu anayetoka kwenye Boxer 150 au TVS HLX 125. Royal Enfield Himalayan ya kwanza ina cc 411, nguvu za farasi 24 hivi, na uzito wa karibu kilo 200. Honda CRF250L ya kuanzia 2017 ina cc 250 tu, nguvu ni zilezile 24, lakini uzito hauzidi sana kilo 145. Halafu kuna Bajaj Dominar 400: cc zake 373 ni pungufu ya Himalayan, ila matoleo ya kuanzia 2019 yanatoa farasi 40. Ukichagua kwa cc peke yake, unaweza kujikuta umenunua mzigo ulipotaka mwendo, au mwendo usioweza kuusimamisha.

Anza na uzito na kimo cha kiti. Boxer ina kilo 120 hivi. Ikiegemea vibaya unaizuia kwa goti. Chombo cha kilo 200 kikishapita pembe fulani hakizuiliki, kinalala, na hapo ndipo utajua kama ni chako. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji muilaze taratibu kwenye majani, kisha uinyanyue mwenyewe. Weka gia ya kwanza isije ikateleza, geuza usukani hadi mwisho, ipe mgongo, makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fremu, halafu rudi kinyumenyume kwa nguvu za miguu. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua stendi ya pembeni kwanza, la sivyo utainyanyua na kuiangusha upande wa pili. Muuzaji akikataa, tafuta mwenye pikipiki kama hiyo.

Kiti cha Himalayan kipo milimita 800 kutoka chini, cha CRF250L ni 875. Tofauti ya sentimita 7 na nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Simama nayo kwenye foleni ya Ubungo, barabara ikiwa na mteremko wa kushoto, mguu mmoja unatafuta lami. Ikaribie ukiwa na viatu utakavyoendeshea, siyo kandambili.

Kuhusu ujuzi, miaka ya kuendesha siyo kipimo. Nenda uwanja mtupu na pikipiki uliyo nayo sasa. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, shika breki: je, unasimama ndani ya mita 12 kwenye lami kavu bila tairi la nyuma kuburuzika? Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama tangu uliposhika breki unakuwa mara nne, kwa hiyo hizo mita 12 zinakuwa 48 ukiwa kwenye 80. Na kwenye 80 ndipo hizi kubwa zinaanza tu kuchangamka. Madereva wengi wa bodaboda wamezoea breki ya mguu peke yake, kwa sababu mjini inatosha. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa kwenye lami: ibane polepole mpaka shokapu za mbele zikae, ndipo ukaze. Kwenye changarawe legeza, tairi la mbele likiganda huko halina msamaha. Baada ya hapo geuza duara kamili ndani ya upana wa mita 6 bila kushusha mguu. Ukishindwa mambo haya mawili na Boxer, farasi 40 hawatakufundisha.

Safari zako pia ziseme. Kama ni mjini na mara mojamoja Bagamoyo, sioni sababu ya kuacha cc 150 hadi 200. Anayepanda na kushuka mlima Kitonga ana hoja: injini kubwa inakupa nguvu ya kupita lori bila kuomba dua, na ukishuka kwa gia ya tatu inakushikilia, breki zisichemke na kupoteza nguvu. Usisahau leseni: angalia daraja lako linaruhusu zaidi ya cc 125.

Sasa hela. Tuseme una milioni 8. Chombo kisizidi milioni 6. Zinazobaki ni za kubadilisha jina, bima, helmeti yenye alama ya ECE (kiwango cha usalama), oili, na karibu kila mara tairi pamoja na cheni. Kabla hujapenda rangi, pita maduka ya spea uulize tairi. Dominar inavaa 150/60-17 nyuma, Himalayan 90/90-21 mbele. Wauzaji watatu wakikwambia "mpaka tuagize", hiyo ni pikipiki itakayolala wiki nyingi ikisubiri. Tairi la Boxer unalipata hata kijijini, na hiyo ni sehemu ya bei yake.

Kwa iliyotumika, fika injini ikiwa baridi. Iguse ubavuni kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, uliza kwa nini. Moshi wa bluu unaoendelea ukivuta mafuta ni ringi zimechoka. Ukitoka mara moja tu baada ya kuachia na kuvuta tena, mara nyingi ni sili za valvu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa kwenye injini ya kupozwa na maji, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimeisha. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na kuonyesha nusu ya jino, zinabadilishwa zote tatu, cheni na sproketi mbili, kwani sproketi iliyolika huila cheni mpya. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019: mpira umezeeka, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ndefu.

Mwisho linganisha namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu, ukitumia tochi. Rangi mpya mahali hapo peke yake ni dalili mbaya. Hela nzima itoke siku mnayokwenda TRA (mamlaka ya mapato) pamoja, mwenye jina lililo kwenye kadi akiwepo mwenyewe, siyo "shemeji yake".