Bingwa naye kaishia machinjioni

Jamani habari ya Ferdinand imeniuma toka jana. Farasi wa mbio wa Marekani, kashinda Kentucky Derby (mbio kubwa za farasi za kule) 1986, mwaka uliofuata akawa farasi bora wa nchi, kawaingizia watu zaidi ya dola milioni 3, halafu 1994 akauzwa Japani akazalishe, wateja wa kuleta majike wao kwake walivyopungua akaishia machinjioni 2002 na waliomshangilia hata taarifa hawana. Sasa kama bingwa kafanyiwa hivyo, yule asiyewahi kushinda hata mbio moja je? Wengi wanaachishwa mbio wakiwa bado vijana kabisa, na farasi anafika miaka 25 au hata 30, nani wa kumlisha muda wote huo? Wenye bahati wanafundishwa kazi nyingine, wengine mnadani, na tangu machinjio ya mwisho Marekani yafungwe 2007 wanapakiwa kwenye malori mpaka Meksiko na Kanada.

Huku kwetu Dodoma farasi wa mbio hatuna ila punda tunao, mimi nimekulia Chamwino punda ndo alitubebea maji na mahindi (na kuni, nisisahau). Nakumbuka enzi za machinjio ya punda hapa mjini, ngozi zinaenda China kutengenezwa dawa, watu wanalala punda wako zizini, asubuhi wanakuta wameibiwa. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukazuia biashara ile kwa miaka 15, nilifurahi mno. Ila wazee wangu nawaomba, punda akizeeka msimfukuze akazurure barabarani usiku, babu yangu alikuwa anampumzisha tu na majani anapewa kama wenzake.