Tulivyonunua nyumba Dar es Salaam wakati kila nyumba ina wateja watano

Nyumba mbili tulizikosa kwa sababu hatukuwa tayari, ya tatu tuliponea chupuchupu, na ya nne ndiyo tunayoishi. Naandika kwa ajili ya wanaotafuta nyumba Dar sasa hivi, hasa sisi wa mshahara na mkopo, tunaoshindana na watu wanaofika getini na hela taslimu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Lubumbashi kupitia Tunduma, na akishaondoka anaweza kumaliza wiki tatu au nne barabarani. Tulikuwa tumepanga Tabata kwa laki tatu na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwanzoni mwa 2023 alipopandisha tena, tukasema imetosha, tununue yetu.

Ya kwanza ilikuwa Goba. Dalali alinitumia picha saa nne asubuhi, saa nane nilikuwa getini. Milioni 60, vyumba vitatu, imeisha mpaka rangi. Tulikuwa nazo, lakini kwenye hesabu ya daftari tu: mkopo wa SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, sijauomba, kiwanja chetu cha Chanika hakijauzwa, na akiba ya mume iko benki ambako yeye mwenyewe lazima aende. Mwenye nyumba akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wiki hii unaweza kutoa ngapi?" Nikamwomba mwezi mmoja. Siku ya tatu ilikuwa imeuzwa.

Ya pili, Madale, tuliikosa kwa kusubiriana. Niliipenda, lakini nikasema baba Neema lazima aione kwa macho yake. Yeye alikuwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Aliporudi baada ya siku kumi na moja, aliyeinunua alikuwa ameshaanza kubadilisha geti. Nililia kweli, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu mtu akitafuta nyumba huanza kuishi humo kichwani kabla hajailipia hata shilingi.

Kwa hiyo tulipofika ya tatu, Kinyerezi, nilikuwa na haraka mbaya. Dalali aliijua haraka hiyo. Alinipigia Ijumaa jioni: "Dada yangu, kuna mtu anakuja kesho saa nne na hela yote, weka hata milioni tatu ya advansi nikushikie." Hela hiyo nilikuwa nayo kwenye simu. Kilichoniokoa ni mjomba wangu, aliyesema hakuna kulipa kabla hatujakaa na familia ya muuzaji. Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Muuzaji, kijana wa makamo, alituonyesha vyumba, tenki la maji, shimo la choo, kila kitu. Uani alikuwa amekaa dada yake kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Mjomba akamsalimia na kumuuliza tu, "Mwanangu, na nyie mnahamia wapi?" Yule dada akaendelea kutoa mawe mawili matatu kwenye mchele, kisha akasema bila kuinua uso, "Sisi hatujakaa bado, mjomba. Baba hajatimiza hata mwaka."

Nyumba ilikuwa ya marehemu. Watoto watano, na mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Kijana alikuwa anauza kwa sababu ni mkubwa na hati iko mkononi mwake. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hana uwezo wa kuuza, na ningelipa ningekuwa nimenunua kesi. Nawasihi: ukiona jina kwenye hati silo la anayekuuzia, usitoe hata nauli mpaka uone barua ya usimamizi, na hata ukiiona, ongea na warithi wengine. Mrithi aliyenyamaza leo ndiye anayekuletea wito wa mahakama mwaka kesho.

Baada ya Kinyerezi tuliacha kwenda kuangalia nyumba kwa miezi mitatu. Madalali waliniona nimeishiwa. Kumbe ndiyo miezi tuliyonunua nyumba, ukitazama vizuri, maana kila kitu kinachochukua muda tulikifanya wakati huo, kabla hatujajua hata tutanunua mtaa gani.

Kwanza hela. SACCOS yetu inakopesha mara tatu ya akiba. Nilikuwa na milioni 8, nikaomba 24, wakapitisha, nikawa na barua mkononi inayosema fedha itatoka nikileta mkataba. Kiwanja cha Chanika tukakiuza milioni 11. Mume alikuwa na 30. Jumla 65, na tukakubaliana bei yetu ya mwisho ni 60, zile tano tusiziguse. Hapo wengi wanaumia: wanapeleka kila senti kwenye bei, halafu ushuru wa stempu, wakili, mpima na uhamisho wa hati vinawakuta mifuko mitupu.

Pili, sahihi ya mume. Alikwenda kwa wakili kabla ya safari akasaini hati ya kunipa mamlaka ya kununua kwa niaba yetu wote wawili. Hiyo ndiyo dawa ya Madale. Tuliandika pia kwenye karatasi, mimi na yeye, mambo manne ambayo nyumba isipokuwa nayo siiangalii mara mbili: imepimwa na ina hati, haiko bondeni, haiko kwenye hifadhi ya barabara, na gari ndogo inafika mvua ikinyesha.

Tatu, watu. Nilitafuta wakili nikapatana naye ada mapema, mpima ardhi anayeweza kuja ndani ya siku mbili nikimwita, na fundi mwashi aliyemjengea jirani yetu Tabata. Watu hawa usiwatafute siku umeona nyumba. Siku hiyo utamchukua yeyote atakayeletwa na dalali, na huyo anafanya kazi ya dalali.

Kuhusu bonde niseme kidogo, kwa sababu nyumba za bei rahisi zote tulizoonyeshwa zilikuwa huko. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Waliokuwepo mjini wanakumbuka bomoabomoa ya bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 na Januari 2016, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliyofanya watu wahamishiwe makazi mapya Mabwepande. Barabara nayo hivyo hivyo. Shangazi yangu alikuwa Kimara 2017, wakati Barabara ya Morogoro inapanuliwa. Niliiona alama ya X nyekundu, ya nyumba inayobomolewa, kwenye ukuta wa sebule yake, ambako juzi yake tu tulikuwa tumekula pilau. Alikuwa na karatasi za kununulia, zimesainiwa na mashahidi wote, lakini karatasi hizo hazikuondoa X.

Nyumba ya nne, hii ya Kibamba tunayoishi, hatukuipata kwa dalali. Nilikuwa natoka kila Jumamosi na kushuka Mbezi au Kibamba, nakaa kwa mama ntilie, naongea na vijana wa bodaboda na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bei za upande ule zilikwishapanda tangu stendi ya Magufuli ifunguliwe Mbezi mwaka 2021, lakini ndani kidogo kulikuwa bado kuna nyumba za watu wanaostaafu na kurudi kwao. Mwenye duka la saruji ndiye aliyeniambia kuhusu nesi mstaafu aliyetaka kwenda Moshi kwa mumewe. Nyumba haijatangazwa, ila majirani wanajua. Alitaka milioni 62.

Kwenda mara ya kwanza nilikwenda na jua. Mara ya pili nilisubiri mvua. Ilikuwa Novemba 2023, zile mvua za El Niño, na siku hiyo ilinyesha tangu alfajiri. Nilivaa viatu vya plastiki nikasimama nje ya geti karibu saa nzima na mwavuli. Maji yalikuwa yanashuka kwenye mfereji upande wa pili wa barabara, hayaingii uani. Ila ukuta wa jirani wa chini ulikuwa na mstari wa tope usawa wa goti, na nilipomuuliza mama wa pale akaniambia yeye huhamisha godoro kila masika. Hatua thelathini kutoka kwenye nyumba niliyotaka! Picha ya simu haikuonyeshi kitu kama hicho.

Mpima alikuja Jumatatu. Alikuwa na ramani ya upimaji na kifaa chake, akawa anatafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, moja moja. Tatu zilionekana haraka. Ya nne haikuwepo mahali pake kwa macho, akaomba panga, akapiga magoti chini ya michongoma ya uzio na kuchimba taratibu mpaka chuma kikagonga. Ilikuwa ndani ya uzio, zaidi ya mita moja kutoka ukutani. Maana yake ukuta ule ulijengwa kwenye njia ya mtaa. Nesi mwenyewe hakujua, fundi wake alifuata mstari wa michongoma. Nikamwonyesha bila kumsimanga, nikamwambia siku mtaa ukidai njia yake, mimi ndiye nitakayebomoa na kujenga upya. Fundi wangu akapiga hesabu ya ukuta ule mbele yetu sote. Tukashuka mpaka milioni 58 na nusu.

Wakati huo huo akatokea mteja mwingine aliyesema atatoa 62 kamili, nusu sasa na nusu baada ya miezi mitatu. Hapa ndipo miezi yetu ya maandalizi ilipolipa. Nilimpelekea nesi nakala ya barua ya SACCOS na taarifa ya akaunti ya mume, nikamwambia, "Mama, mimi nakulipa yote siku hati yako ikiwa safi." Akauliza kwa nini isiwe safi. Nikamjibu kwamba wakili wangu ameshaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, na umeonyesha rehani, yaani kwenye daftari nyumba bado ni dhamana ya mkopo.

Alishtuka. Alikopa benki miaka mingi nyuma, akamaliza, akarudishiwa hati yake, akajua yameisha. Lakini rehani haikuwa imefutwa kwenye daftari la msajili. Kwa mnunuzi asiyefanya upekuzi, hilo lingeibuka siku ya uhamisho, hela imeshakwenda Moshi. Tulimsaidia kufuatilia benki mpaka wakatoa hati ya kufuta rehani ikasajiliwa. Ilichukua wiki tatu. Yule wa milioni 62 alishindwa kusubiri, akaenda kununua kwingine. Naamini nesi alituchagua pia kwa sababu tulimweleza shida yake badala ya kuitumia kumvunja bei mara ya pili. Bei tulikuwa tumeshapatana, sikutaka kuirudia.

Mkataba tulisaini tukitoa asilimia 10 tu, milioni 5 na elfu 850, ukisema inarudishwa yote kama rehani haitafutika. Mumewe nesi alipanda basi kutoka Moshi kuja kusaini. Alisema amechoka, na angeweza kutuma salamu tu, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na hilo sikulilegeza. Tuliandika pia nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wetu. Wauzaji wengi siku hizi wanasema kwa mdomo "kodi zote mnunuzi", na bila kodi ya muuzaji kulipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) jina halihami. Kama unakubali kuibeba, iwe imeshaondolewa kwenye bei.

Malipo ya mwisho tulifanyia ndani ya benki, akaunti kwa akaunti, wakili amekaa kati yetu na hati halisi mezani. Hakuna aliyebeba mfuko wa hela. Kabla ya hapo nilikuwa nimechukua namba ya mita ya umeme ya LUKU na bili ya maji ya DAWASA, nikahakikisha hakuna deni, na nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kujitambulisha na kuuliza kama kuna mgogoro kwenye kiwanja. Ukiambiwa huko kwamba ofisi ina asilimia yake kwenye bei, omba stakabadhi ya serikali, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kwa wale ambao hela yao inafika tu kwenye nyumba isiyopimwa au yenye leseni ya makazi (kibali cha muda cha kumiliki kwenye makazi yasiyopangwa), siwakatazi, zaidi ya nusu ya mji huu watu wanaishi hivyo na wanalea watoto. Ila kazi yenu ni kubwa kuliko yetu. Leseni muithibitishe manispaa, na historia muifuate mkono kwa mkono: nani alimuuzia nani, karatasi ziko wapi, majirani wa pande zote nne wanasemaje kuhusu mipaka. Mtumie muda mwingi zaidi kwa majirani kuliko kwa muuzaji.

Hati yenye majina yetu mawili ilitoka baada ya miezi minne. Mdogo wake mume wangu sasa anatafuta Bunju, na kila jioni ananitumia picha za nyumba. Nimempa namba ya mpima na ya wakili, nikamwambia nyumba yoyote asiniulize mpaka awe ameshapatana na hao wawili.