Haleluya ni amri

Kanisani kwetu Kondele, hapa Kisumu, mhubiri akiona watu wanasinzia hupaza sauti: "Haleluya!" Tunajibu: "Amina!" Maikrofoni ikikata, haleluya. Akiutafuta mstari asiuone, haleluya tena na tena huku akifunua kurasa. Mimi nimeolewa huku. Nililelewa Mkatoliki kule Kibuye, na masikio yangu bado hayajazoea.

Neno lenyewe ni la Kiebrania, maneno mawili yaliyoshikana: halelu, yaani "sifuni", na Yah, ufupisho wa jina la Mungu. Halelu huamrisha wengi, si mmoja. Sisi tunayo -ni yetu: msifuni. Wajaluo husema pakuru, na ile -uru ya mwisho inawataka wote mliopo. Kwa hiyo mhubiri anatuamrisha tusifu, nasi tunamjibu "na iwe hivyo", kisha kimya. Ni kama mama aite, "Njooni mle!" watoto wajibu "Sawa!" na wasibanduke kwenye runinga.

Kibuye tulisema Aleluya, bila h. Mama mkwe wangu huona huo ni uvivu wa ulimi, lakini neno lilipitia Kigiriki, ambacho alfabeti yake haina herufi ya h, likaingia Kilatini, ndipo likatufikia. Na Wakatoliki wana jambo ambalo ninalikosa sana: Kwaresima ikiingia, Aleluya huwekwa kando. Haisemwi, haiimbwi. Halafu mkesha wa Pasaka, baada ya waraka, padri huianzisha mara tatu, kila mara akipanda sauti, na watu humrudishia. Nikiwa msichana kwenye kwaya, ile ya tatu ilikuwa juu mno kwetu sauti ya pili, lakini hakuna aliyejali. Tulipiga kelele tu.

Kwenye Zaburi, 146 hadi 150 zote huanza na kuisha na neno hili. Agano Jipya linalo mahali pamoja tu, Ufunuo 19, mara nne, na hapo ni umati unaoimba.

Sasa kwaya yetu inajifunza Zaburi ya 117, mistari miwili tu, inayoishia na haleluya. Nimependekeza tukifika hapo mtu asiitikie amina, tuirudie tukiimba, kanisa zima. Wenzangu wamekubali. Mpiga kinanda ndiye aliyeuliza nani atamwambia mhubiri.