Sala Tano Pasipo Jua: Safari Yetu ya Abisko

Wenzetu wengi wa Göteborg waliotoka Unguja, ikifika likizo ya Desemba hurudi nyumbani au huenda Uturuki kutafuta joto. Sisi tulielekea kaskazini zaidi, hadi Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Watoto tuliwaacha kwa mama yao mdogo, tukashika njia ya Stockholm, na huko tukapanda treni ya usiku inayokwenda hadi Narvik, Norwei. Mume wangu alikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuona mianga ya kaskazini, ile inayocheza mbinguni usiku. Mimi nilitaka kujua mtu anaishije mahali ambapo wakati wa baridi jua halichomozi, kwa sababu maisha yetu Waislamu yamefungwa kwenye jua: Alfajiri kabla halijatoka, Adhuhuri likipinduka, Alasiri kwa urefu wa kivuli, Magharibi likizama. Likikosekana, je?

Swali hilo tulimfikishia sheikh wetu kabla ya kuondoka. Akatukumbusha hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Nawwas bin Sam'an. Masahaba walielezwa kwamba zama za Dajjal itakuwako siku iliyo ndefu kama mwaka, nao wakauliza iwapo sala za siku moja zitatosha kwa siku hiyo. Mtume (s.a.w.) akawajibu hapana, ikadirieni kiasi chake. Wanazuoni wamelijenga jambo hili juu ya jibu hilo: mwenye kukosa alama za jua hufuata ratiba ya mji ulio karibu wenye usiku na mchana, na wengine huruhusu kufuata ratiba ya Makka. Tukachukua ratiba ya Stockholm. Na kwa kuwa ni wasafiri, tulipunguza sala na kuzikusanya.

Asubuhi treni ilikuwa inapita kwenye misonobari iliyoinama kwa uzito wa theluji. Kuna kituo kidogo kiitwacho Polcirkeln, jina limetokana na Duara la Aktiki linalopita hapo. Upande wa kusini mbingu ilikuwa na wekundu wa jua linalotaka kutoka, tukakaa dirishani tukilingoja. Halikutoka. Wekundu ulitambaa taratibu kuelekea magharibi, ukafifia, na saa nane mchana giza likaanza kuingia.

Tuliteremka Kiruna kwanza. Mji huu umezaliwa na chuma. Chini yake kuna mgodi wa kampuni ya LKAB, mkubwa kuliko migodi yote ya chuma ya chini ya ardhi duniani, na kadiri unavyochimbwa ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka na kutitia. Kwa hiyo mji unahamishwa, mtaa kwa mtaa. Kanisa lao la mbao la mwaka 1912, lenye uzito wa tani 672, lilipakiwa zima juu ya magari ya magurudumu mengi mwezi wa Agosti 2025 na kusogezwa kilomita 5 kwa muda wa siku mbili. Tuliliona likiwa limekaa mahali pake papya, jekundu katikati ya weupe mtupu. Usiku wa manane kitanda kilitikisika kidogo. Mwenye nyumba alitueleza kwamba ni baruti za mgodini, hupigwa kila usiku wakati wachimbaji wametoka. Mimi usingizi haukurudi. Niliwafikiria watu wanaolala juu ya mgodi unaowalisha na kuwafukuza kwa wakati mmoja.

Baridi ya huko nitaieleza kwa vitendo, kwa sababu namba ya kipimajoto haisemi kitu mpaka ikufikie mwilini. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda. Simu inazima ingawa chaji ipo. Magari yanaunganishwa na umeme maegeshoni ili injini isigande. Bibi wazee wanakwenda dukani kwa kigari cha kuteleza chenye kiti mbele, wanakisukuma kwa mguu mmoja. Fulana ya sufu inayogusa mwili ndiyo silaha, pamba ikiloa jasho inakusaliti. Ushungi wangu, niliouzungusha chini ya kofia, ulinisitiri shingo na masikio kuliko skafu yoyote. Na udhu ukitenguka, soksi za ngozi ulizozivaa ukiwa twahara unazipaka maji tu kwa juu, msafiri siku tatu. Rukhsa hiyo nilijifunza madrasa nikiwa mtoto mdogo. Thamani yake nimeijulia huko.

Nje kidogo ya mji tulitembelea familia ya Wasami, wenyeji wa asili wa nchi hii inayoenea Norwei, Uswidi, Ufini hadi rasi ya Kola huko Urusi. Dada aliyetupokea alituonya kwa upole kwamba mfugaji haulizwi idadi ya kulungu wake (wale wa kaskazini, reindeer), ni sawa na kumwuliza mtu ana kiasi gani benki. Alitufundisha kwamba wakati huu wa mwaka wenye pembe wengi ni majike, maana madume makubwa huziangusha mwanzoni mwa baridi. Macho yao nayo hubadilika ndani, kutoka rangi ya dhahabu wakati wa kiangazi hadi buluu wakati wa giza, ili yanase mwanga mdogo uliopo. Kisha akatuambia jambo linalomnyima usingizi. Siku hizi mvua hunyesha katikati ya baridi, maji yanaganda juu ya theluji, na kulungu anashindwa kupasua barafu afikie likeni anayoila, uoto mfupi wa ardhini. Wafugaji hulazimika kununua chakula cha mifugo. Mtu anayetazama mawingu kwa hofu ya mifugo yake namjua, hata kama mawingu yake ni ya aina nyingine. Nyama hatukula kwa sababu ya uchinjaji wao. Dada yule hakuudhika, akatuletea samaki wa ziwani na mkate wa moto.

Abisko ndiko tulikokaa zaidi. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1909, kando ya ziwa Torneträsk lenye urefu wa kilomita 70 hivi. Milima ya magharibi hukamua mawingu yanayotoka baharini, hivyo mbingu ya Abisko huwa wazi mara nyingi kuliko ya jirani zake. Kutoka hapo Makka iko kusini, ikivutwa kidogo mashariki. Nyumbani Unguja tunaelekea kaskazini tunaposali. Huko kaskazini yote ilikuwa mgongoni petu, na mbele yetu kulikuwa na mng'ao mwekundu wa mchana, kushoto kidogo ikionekana Lapporten, bonde lililochongwa na barafu ya kale kwa umbo la nusu duara. Nimesali mahali pengi. Sijapata kusali mbele ya mandhari kama ile.

Usiku wa kwanza mawingu yalitunyima. Uliofuata tulishuka hadi ukingoni mwa ziwa. Mwanzo ulionekana ukanda wa kijivu tu, nikadhani ni wingu. Ghafla ukawa kijani, ukajaa, ukavimba kama tanga lililoshika upepo, ncha zake za chini zikawa waridi. Ni chembe zinazopulizwa na jua, zinavutwa na usumaku wa dunia kuelekea ncha, zinagonga oksijeni kilomita mia na zaidi juu yetu. Kwa hiyo jua tulilolikosa mchana lilikuwa kazini usiku. Mume wangu alinishika mkono akasoma: "Rabbanaa maa khalaqta haadhaa baatwila." Akanikumbusha Ibn Fadlan, aliyetumwa kutoka Baghdad mwaka 921 hadi nchi ya Wabulgari wa mto Volga, Urusi ya leo. Naye alishuhudia mbingu ikiwaka nyekundu, na wenyeji wakamwambia ni majini waumini na makafiri wanapigana. Tulisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Tulimalizia Narvik. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1903 kwa ajili ya madini, kwani bandari ya Luleå huganda wakati wa baridi, ilhali bahari ya Narvik, japo iko kaskazini zaidi, haigandi: mkondo wa maji ya joto huja kutoka kusini-magharibi kupitia Atlantiki. Kwa bandari hiyohiyo mataifa yalipigana mwaka 1940. Treni za madini za mabehewa 68 zilitupita zikienda kupakua. Sisi watoto wa pwani tulikwenda moja kwa moja kwenye maji. Mume wangu alivua glavu, akachovya vidole, akaonja chumvi, na jioni tukala samaki wa kuchemsha kwa pilipili ya kusaga tuliyoibeba kutoka nyumbani. Tumekubaliana kurudi Juni pamoja na watoto, wakati jua halizami kabisa, na ratiba ya kukadiria tunayo tayari.