Nilifunga mdomo kwaya ikiimba

Kwa miezi minne nilisimama kwenye mstari wa sauti ya tatu, nimevaa joho kama wenzangu, na sikuimba hata neno moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeimba karibu mwaka mzima bila kuamini ninachokiimba. Kati ya vipindi hivyo viwili, kile cha kunyamaza ndicho kilichonirudisha kwa Mungu.

Dada yangu aliugua figo. Tuliomba, tukafunga siku 21, wakaja waombaji, na mmoja wao akatangaza mbele yetu sote kwamba amekwisha kupona, tuanze kushukuru. Tukashukuru. Wiki tatu baadaye tukamzika. Sitasema mengi hapo, ila baada ya mazishi mtu alinishika mkono akaninong'oneza kuwa huenda nyumbani mwetu kulikuwa na mwenye shaka aliyezuia muujiza. Akanitajia Yakobo 1:6, ule mstari wa mwenye shaka kuwa kama wimbi la bahari. Nikajua ni mimi. Maana usiku mmoja, wenzangu wakikesha kwa maombi, nilikuwa nimejiuliza kama kuna anayesikia.

Swali hilo nikalificha kama mtu anavyoficha deni, nalo likazaa riba. Kama hili hakulisikia, alisikia yapi? Na yale yote niliyokuwa nikiyaita majibu ya maombi, si yangetokea tu hata nisingeomba? Nikajaribu kuyafukuza mashaka. Nilifunga tena. Nilisoma hoja za wanaotetea kuwapo kwa Mungu, na nyingine zilikuwa nzuri kweli, lakini mimi sikuwa nimeshindwa hoja, nilikuwa nimeumia. Jumapili nikawa naongeza sauti. Watu wakasema siku hizi nina upako.

Mwisho nikamwendea mwalimu wa kwaya, nikamwambia naacha, na sababu nikampa. Nilidhani atanipeleka kwa mchungaji. Alikunja karatasi zake za noti akasema, "Usiache. Simama mahali pako. Pasipoimbika, funga mdomo. Kwani sisi si huwa tunapokezana pumzi?"

Kwa wasioimba: ikifika noti ndefu, hakuna anayeweza kuishika peke yake hadi mwisho. Mmoja anavuta pumzi kimyakimya huku jirani zake wakiishikilia, kisha anaingia tena, na msikilizaji hagundui kitu. Ndivyo nilivyofanya. Ila pumzi yangu mimi ilikuwa ya miezi minne.

Mama mmoja wa sauti ya pili aligundua. Baada ya mazoezi akaja kuketi kwenye benchi langu.

"Mwanangu, una nini?"

Nikamweleza yote. Hakunikemea, wala hakuanza kuniombea papo hapo, jambo ambalo ningelichukia. Aliuliza tu, "Na mwenyewe umemwambia?"

"Nani, mama?"

"Mungu."

"Nimwambieje, na sina hakika kama yupo?"

"Mwambie hivyo hivyo." Kisha akaniagiza nikasome Zaburi 88, nisiache hadi mwisho.

Niliisoma nikiungoja ule mgeuko wa zaburi nyingi, huzuni weee, halafu "lakini nitakusifu". Haukuja. Mtunzi analia usiku na mchana, anamwuliza Bwana kwa nini amemficha uso wake, na zaburi inaishia palepale: "nao wanijuao wamo gizani." Nikafunua tena nikidhani nimeruka ukurasa. Halafu nikaona kichwa chake: wimbo, wa wana wa Kora. Wimbo! Yaani kulikuwa na waimbaji waliofanya mazoezi ya maneno hayo, wakapanga sauti, wakasimama mbele za Mungu wakayaimba, na hakuna aliyewafukuza.

Tangu hapo nikawa natafuta wenzangu mle ndani ya Biblia. Nikamkuta Yohana Mbatizaji gerezani, yeye aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, akituma watu wamwulize, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu anajibu, na wajumbe wakishaondoka anamsifu Yohana mbele ya makutano. Nikakuta pia Mathayo 28:17, mstari ambao nadhani niliwahi kuupita mara mia: wanafunzi walimsujudia Yesu aliyefufuka, "lakini baadhi yao waliona shaka." Na agizo la kwenda kwa mataifa yote linafuata hapo hapo. Wenye shaka hawakuambiwa wakae pembeni kwanza.

Hata Yakobo nikamrudia, safari hii nikasoma hadi mstari wa 8. Anayemsema ni mtu wa nia mbili. Huyo nilikuwa mimi kweli, ila si kwa sababu ile niliyonong'onezwa. Mdomo wangu ulikuwa ukimwimbia Mungu na moyo ukimkimbia.

Basi nikaanza kumwambia. Usiku, mlango umefungwa, kwa sauti, kwa kuwa nikiomba kimoyomoyo nilikuwa nachuja maneno. Wiki za mwanzo zilikuwa lawama tupu. Siku nyingine dakika mbili, nimechoka, nalala. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto, na sitaki kutia chumvi. Ila siku moja nilipata habari njema ndogo kazini, na kabla sijamsimulia mtu yeyote nikajikuta nimeshamsimulia yeye. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Niliyekuwa nikimshtaki ndiye niliyemkimbilia.

Zamani kumtumaini Mungu kwangu kulikuwa kuwa na hakika kwamba atatoa nilichoomba. Sasa naomba kama yule baba wa Marko 9:24 aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na siku zingine nusu ya pili ndiyo inayotoka kwa nguvu.

Sauti ilirudi kwenye mazoezi ya katikati ya wiki, bila mtu kupanga. Tulifika kwenye noti ndefu, jirani yangu akaishiwa, akavuta pumzi, nami nikaingia. Alinitupia jicho, akaendelea.

Kwa nini dada alikufa, bado sijui. Jana usiku nilimwuliza Mungu tena, kwa ukali kidogo. Halafu nikamwomba aniamshe mapema, maana leo mazoezi yalikuwa alfajiri.