Nyaya Nne za Mwanjelwa

Mke wangu anapiga picha na video za harusi, na mwezi wa saba ndio msimu wake. Mahindi yameshaingia ndani, barabara za vijijini zinapitika, watu wana hela ya kuozesha. Jumamosi moja ya Julai 2022 alirudi kutoka Tukuyu saa nne usiku, hakuvua hata koti, akachomeka laptopu yake kwenye waya wa mtandao na kuanza kuhamishia kazi ya siku ile kwenye seva. Gigabaiti 64. Mimi nilikuwa nimejikunyata na blanketi kwenye kochi. Nikamsikia anasema, si kwangu, anaiambia laptopu: "Saa moja na nusu? Tena?"

Seva ile nilimtengenezea mimi. Jina ni kubwa kuliko chombo chenyewe: kompyuta ya mezani ya mtumba, diski mbili za terabaiti 4, ndani yake Linux, imekaa stoo kati ya magunia ya mahindi na viazi. Waya unatoka kwenye swichi ya mtandao sebuleni, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, unapanda darini, unashukia stoo. Siku naiwasha nilimwahidi kwamba harusi nzima itahama yeye akinywa kikombe cha chai. Sasa ni chai gani hiyo ya saa moja na nusu?

Kwa wiki mbili nilitafuta mchawi. Kwanza nikaishika laptopu yake, kwamba imejaa mavirusi, kauli ambayo haikunipatia chakula cha moto siku hiyo. Kisha diski. Nikazipima usiku kucha, zikaonekana nzima, tena zinaandika zaidi ya megabaiti 150 kwa sekunde. Nikahamia kwenye mipangilio ya kushirikisha mafaili, nikabadilisha mistari ambayo hata leo sijui kazi yake. Mwisho nikaenda mjini nikanunua swichi mpya, ya zamani nikaitupia kabatini ikiwa haina kosa lolote. Nikabadilisha na vile vipande vifupi vya waya vya huku na huku. Faili likaendelea kutambaa vilevile, megabaiti 11 na ushee kwa sekunde, halipungui, haliongezeki.

Namba hiyo ilitosha kuniambia kila kitu, kama ningekuwa nasikiliza. Kitu kibovu huyumba: mara 30, mara 4, mara kinakwama kabisa. Hii yangu ilinyooka kama rula. Hatimaye nikaendesha iperf3, ambayo haigusi diski wala mafaili, inasukuma tu data kutoka mashine moja hadi nyingine na kupima njia. Ikajibu megabiti 94. Aliyewahi kushika kazi za mtandao anaijua 94 kama anavyojua namba yake ya simu. Ndiyo inayobaki mkononi ukiwa kwenye njia ya megabiti 100. Njia ya gigabiti moja ingenipa kama 940. Baiti moja ni biti nane: gawanya 94 kwa nane, uone kama hupati ile 11 na ushee.

Basi mashine zangu mbili, zote za gigabiti, na swichi mbili za gigabiti, zilikuwa zimekubaliana kuongea kwa megabiti 100. Mtu mwenye akili timamu angepanda darini saa ileile. Mimi nikakaa kwenye kochi, nikaingia kwenye seva kwa mbali, nikaiamuru isikubali kasi nyingine yoyote isipokuwa 1000.

Ikatii. Mawasiliano yakakatika palepale. Nilikuwa nimekalia tawi ninalolikata, na njia ya kurudi haikuwepo, maana amri ya kurudisha ingepita kwenye waya uleule nilioufunga.

Saa tano usiku nikabeba skrini na kibodi hadi stoo, nikaviweka juu ya gunia la viazi. Stoo ya Mbeya usiku wa Julai si mahali pa kuwazia mambo. Pumzi yangu naiona. Nikaizima mashine, nikaiwasha, kisha nikaanza kupekua kumbukumbu za kuwaka kwake, mstari kwa mstari, vidole vimekufa ganzi. Katikati ya mistari mia kadhaa ya maneno ya kawaida nikaukuta mmoja ambao bila shaka ulikuwa ukijiandika kila nilipoiwasha: kasi imeshushwa kutoka gigabiti 1 tuliyokubaliana hadi megabiti 100, kagua waya.

Kagua waya. Kwa Kiingereza safi, miezi yote hiyo.

Waya wa darini sikuwa nimeushuku hata mara moja, na sababu yake naona aibu kuiandika: niliupitisha mwenyewe. Zaidi ya hapo, ubavuni uliandikwa Cat 5e, na waya wa Cat 5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, wakati wangu haukufika hata 20. Na taa ya kijani ilikuwa inapepesa pale kwenye mlango wake. Taa ikipepesa, nani anauliza?

Nikapanda juu ya magunia ya mahindi, tochi ya simu mdomoni, nikaufuata waya pale unapotokeza kwenye ubao wa dari. Karibu na konekta, kile kichwa cha plastiki cha kuchomekea, palizungushiwa tepu nyeusi ya umeme, raundi nyingi. Siku zote nilidhani imewekwa kuimarisha shingo. Nikaibonyeza. Ndani kulikuwa na uvimbe. Nikaibandua kwa kucha, na chini yake nyaya nne zikachomoza, zimekatwa sawasawa na kukunjwa kurudi nyuma: ya bluu, nyeupe yenye mstari wa bluu, ya kahawia, nyeupe yenye mstari wa kahawia. Hazijafika kwenye konekta. Hazijafika popote.

"Fundi gani mshenzi alifunga hivi!" nikapaza sauti.

Kisha nikautazama mkunjo. Nyaya zilikuwa zimesokotwa mara tatu kwenda kushoto, ncha ikalazwa chini ya ya kwanza. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine ninayemfahamu anayesokota hivyo.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana wa intaneti kafe moja pale Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Kompyuta kumi na mbili, dishi la setilaiti juu ya bati, na foleni ya watu wanaosubiri kusoma imeili. Mkongo wa baharini haukuwa umefika Dar es Salaam. Ule wa kwanza, SEACOM, ulikuja 2009. Kafe nzima ilikuwa inagawana kijito cha kilobiti. Waya ulikuwa ghali, na bosi wetu alikuwa mtu wa kuhesabu hata sentimita. Sasa, mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu kati ya nne zilizomo ndani ya waya, ya chungwa na ya kijani. Jozi ya bluu na ya kahawia hulala bure. Kwa hiyo nikawa napasua ncha za waya mmoja, nafunga konekta mbili kila upande, waya mmoja unahudumia kompyuta mbili. Bosi alinisifia mbele ya wateja. Mwezi ule aliniongezea shilingi elfu kumi, na mimi nikajiona injinia.

Kafe ilipofungwa alinilipa deni la mwisho kwa vitu: koleo la kubania konekta, testa ya kupimia waya, na marobota ya waya. Baadhi ya zile nyaya nilishakata konekta ya pili, nikazifunga masalia yake kwa tepu ili zionekane safi. Zilikaa kwenye boksi miaka na miaka, nikihama nazo nyumba hadi nyumba kama urithi. Na gigabiti inataka jozi zote nne. Mashine zikijaribu na kukuta jozi mbili hazipo, hazilalamiki kwa sauti, zinashuka ngazi na kuendelea.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kitenge kichwani. "Umempata huyo fundi?"

Nikasema nimempata.

"Anaishi wapi?"

Sikujibu. Nilikuwa natafuta koleo.

Nilikata ncha zote mbili, nikazipanga nyaya nane kwa utaratibu ninaouimba tangu ujana: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Konekta mbili niliziharibu kwa kutetemeka, ya tatu ikakubali, na ya upande wa sebuleni ikakubali mara moja kwa sababu kule kuna joto. Nikaweka testa. Taa zikatembea, moja, mbili, tatu, nne, hadi nane, bila kuruka.

Iperf3 ikasema 941. Harusi ya Tukuyu, ile ile ya gigabaiti 64, tulifuta nakala na kuirudia kwa makusudi: ilihama kwa dakika kumi hivi. Mke wangu hakunywa chai. Aliangalia mstari ukijaa, akasema "sasa nilete na ya Kyela," akaenda kulala.

Mimi sikulala mapema. Nilikuwa nahesabu ni nyumba ngapi nimezipitishia nyaya kutoka kwenye boksi lile. Asubuhi nikampigia shemeji yangu wa Uyole, mwenye duka la stesheneri.

"Shemeji, zile kompyuta zako bado zinapelekeana mafaili polepole?"

"Mwaka wa tatu sasa. Nimeshanunua swichi mbili."

"Usinunue ya tatu. Nakuja."